Mstari wa Tatu kwenye Karatasi ya Kisima

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, simu wekeni kando kwanza. Mimi shule niliishia darasa la nne, na haya nimeyaandika mwenyewe kwa kalamu. Mjukuu wangu ameyapiga chapa tu, nimemkataza kuniongezea neno. Sitaki kusikia baadaye mtu anasema bibi aliota au bibi alijua. Bibi hakujua kitu. Bibi alikuwa na kisima cha maji matamu, akakaribia kukiharibu kwa ulimi wake.

Kisima chenyewe ni kile nyuma ya jiko. Marehemu babu yenu alikichimba kwa mkono, udongo na mchanga mpaka akafika kwenye mwamba wa matumbawe, akautoboa kidogo, maji yakatoka kwenye nyufa. Huku kwetu pwani ya Pangani, njia ya Mwera, kupata maji yasiyo na chumvi karibu hivi na bahari ni bahati. Majirani wote wa upande huu wanachota hapo, na sijawahi kumnyima mtu kamba ya kuchotea.

Kiangazi kile ndoo ikaanza kurudi na tope. Ukishusha asubuhi unapata nusu, ukishusha jioni unasikia ndoo inagonga jiwe. Watoto wangu wakakubaliana tuite mashine ya kuchimba, itoboe mwamba wote, tuchukue maji yaliyoko chini yake. Mwanangu mkubwa, anayekaa nami, ndiye aliyemleta fundi kutoka upande wa Muheza.

Fundi alikuja kupima kwanza. Akachomeka vitu vidogo vya chuma ardhini kwa mstari, kuanzia ukuta wa jiko mpaka kwenye migomba, vyote vimeungwa kwa waya mmoja. Akasema hayo ni masikio. Kisha akaweka bamba la chuma chini, mtu wake akawa analipiga kwa nyundo kubwa, na masikio yanasikiliza sauti inavyorudi kutoka chini. Tukaambiwa asitembee mtu. Mimi nikakatazwa kutwanga, kwenye uwanja wangu mwenyewe, na nikanyamaza.

Baada ya siku chache akaja na karatasi. Ilikuwa na mistari mitatu myeusi, mmoja chini ya mwingine, inapanda na kushuka kidogo kama ufuo. Akanionyesha kwa kidole.

"Huu wa juu ni mgongo wa mwamba, mama. Huu wa pili ni tumbo la mwamba, unapoishia. Na huu wa tatu ni mwamba mwingine. Maji mengi yamelala juu ya huo wa tatu. Tukifika hapo hutasikia tena habari ya kiangazi."

"Na chumvi?"

"Mwamba wa pili unaikinga chumvi. Imebaki chini yake."

Nikataka kuamini, nikaamini. Siku ya Ijumaa tukasoma dua ya kuanza kazi, majirani wamejaa uwanjani, wali umepikwa. Kwetu hapa dua haisomwi hivi hivi, mwenye jambo anasimama kwanza anataja nia yake watu waisikie, ndipo wanaitikia. Nikasimama nikasema: nia yangu ni kuchimba mpaka mwamba wa pili, huo wa mstari wa tatu, maji yatoke kwa ajili ya nyumba hii na majirani zangu. Watu wakaitikia amina. Neno likishatoka hivyo si lako peke yako tena, ni la wote walioitikia.

Jumapili akaja mjukuu wangu wa kike, binti wa huyu huyu mwanangu mkubwa, likizo. Anafanya kazi Dar es Salaam. Kazi yake nilikuwa naisikia tu bila kuielewa: wanachukua sauti zilizopigwa baharini, zikaenda chini ya sakafu ya bahari zikarudi, wao wanazisafisha kwenye kompyuta mpaka zitoe picha ya mawe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Mume wetu angekuwa hai angenichagua mimi."

"Angekuchagua kwa sababu mimi sijui kusuka mikeka."

"Na kupika hujui."

Akacheka, akaingia ndani kuweka begi. Alipotoka ameshika ile karatasi, nilikuwa nimeibana chini ya redio. Hakuwa anacheka tena.

"Bibi, huu mstari wa tatu nani kasema ni mwamba?"

"Fundi."

"Na hizi pima pembeni kaziandika nani kwa kalamu?"

"Fundi."

Akakaa barazani akaitazama muda mrefu. Kisha akaniambia neno ambalo lilinikera siku nzima. Akasema huenda huo mstari wa tatu si kitu. Huenda ni mwangwi wa ndani ya mwamba.

Nikamwambia anieleze kama anayeeleza mtu, si kama anayesoma. Akaniambia hivi, nami nayaandika kama alivyosema, maana ndiyo habari yote.

"Bibi, ukimtuma mtu dukani akachelewa, utasema duka liko mbali. Kumbe alikwenda duka la karibu, akanunua, akarudi mpaka mlangoni kwako, akakumbuka kasahau kiberiti, akageuka akaenda duka lile lile tena. Wewe uliye ndani humwoni akigeuka mlangoni. Unaona tu kachelewa. Sauti nayo ndivyo. Inaingia ndani ya mwamba, inagonga tumbo la mwamba, inapanda. Nyingine inatoka inakuja kwetu, huo ndio mstari wa pili. Lakini nyingine ikifika kwenye mgongo wa mwamba inaupiga kwa ndani, inarudishwa chini, inagonga tumbo mara ya pili, ndipo inatoka. Inafika imechelewa. Na kifaa hakijui imepita wapi, kinajua kuchelewa tu. Kilichochelewa kinachorwa chini."

"Kwa hiyo mashine ni mwongo."

"Mashine haijasema mwamba, bibi. Aliyesema mwamba ni mtu."

"Na kama hakuna mwamba hapo, kuna nini?"

"Mchanga unaoendelea kwenda chini. Na chini ya mchanga, huku kwetu, ni bahari."

Hapo ndipo nilipoogopa, lakini sikuonyesha. Kwa wifi yangu anayekaa upande wa Moa walichimbiwa kisima hivyo, wakaambiwa twende chini zaidi. Wiki tatu maji yalikuwa matamu. Mwezi wa pili chai ikakataa kuiva vizuri, mwezi wa tatu hata mbuzi walikuwa wananusa ndoo wanaondoka. Na kisima cha zamani cha jirani yao, kilichokuwa hakina ubaya, kikafuata. Mpaka leo wanapelekewa maji kwa madumu kwenye bodaboda. Chumvi ikishapanda huna mahali pa kuishtaki.

Baba yake aliporudi kutoka shamba, binti akamwambia. Mwanangu akavua kofia akaiweka gotini.

"Wewe unapima bahari. Huu ni uwanja wa bibi yako."

"Sauti ni ile ile, baba. Nipatie tu kumbukumbu zenyewe alizorekodi, si karatasi."

"Nimpigie fundi nimwambie mtoto wangu anamkagua?"

"Mpigie mwambie mama yako anataka," nikasema mimi.

Akapiga. Kesho yake fundi akatuma kumbukumbu, na ujumbe kwamba mashine inafika Jumatano na Alhamisi inaondoka kwenda kwingine, kwa hiyo wanaotaka kusoma wasome haraka.

Siku mbili mjukuu wangu hakutoka barazani. Nilipita mara nyingi kwa makusudi, nabeba hiki nabeba kile. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na michirizi kama nyuzi za mkeka kabla ya kusukwa. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anatabiri.

"Hapa hatupigi ramli."

"Si ramli. Nazichukua sauti zenyewe alizorekodi fundi. Nachukua ile ya tumbo la mwamba, naijumlisha nayo yenyewe, natoa ile ya mgongo. Zinaniambia mwangwi wa ndani ungetokea saa ngapi na ungekuwa na umbo gani. Sihitaji kujua kuna mawe gani chini. Nikishaupata mwangwi wa kutabiri naulinganisha na uliomo kwenye picha, kisha naupunguza."

"Ukipunguza kitu cha kweli kwa bahati mbaya?"

Akaacha kubofya.

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi, bibi. Mwamba wa kweli ukiwa umelala mahali pale pale unapoangukia mwangwi, naweza kuufuta pamoja nao."

Nilimpenda kwa jibu hilo, lakini lilinizidishia mzigo. Angekuwa na uhakika ningemfuata, au ningemkatalia. Mtu asiye na uhakika anakuachia wewe uamue.

Jumatano baada ya sala ya alasiri mashine ikaingia, ikaegeshwa karibu na migomba, ikavunja mgomba mmoja. Fundi akaja barazani, na mwanangu, na mjukuu wangu akaweka karatasi mpya mezani. Mistari miwili ya juu ilikuwa vile vile. Wa tatu ulikuwa umefifia, umebaki kama doa la chai kwenye kitambaa kilichofuliwa.

Fundi akainama akatazama.

"Haujatoka wote."

"Haujatoka wote," mjukuu wangu akasema.

"Basi kuna kitu."

"Au nguvu ya mwangwi nilioutabiri haikulingana sawasawa na wa kweli, ndiyo maana kumebaki alama. Siwezi kuapa kwamba chini hakuna kitu. Ninachosema ni kwamba mstari ule hauwezi kuwa shahidi."

Fundi akageuka kwa mwanangu, si kwangu. "Bwana, nimechimba visima mpaka mikono imekuwa hivi. Mwamba haufutiki kwa kubofya. Binti yako kakufutia maji yako, na wewe umekaa unamtazama."

Mwanangu akainamisha uso. Nilimwona masikio yake yamebadilika rangi, na nikajua ile aibu itatoka mahali, ila sikujua wapi.

Nikasema nileteeni miyaa yangu.

Hawakuelewa. Nilikuwa nimeianika ukutani, yale majani ya ukindu yaliyochanwa ya kusukia. Nikachukua karatasi ile ya kwanza ya fundi, isiyoguswa, nikachana mwaa mmoja mwembamba. Upande wa jiko nikaupima kutoka mstari wa kwanza hadi wa pili, nikaukata. Kipande kile kile nikakiteremsha, kichwa chake kikakaa mstari wa pili. Mwisho wake ukaangukia juu ya mstari wa tatu.

"Bahati," fundi akasema.

Nikasogea kidogo, ambako mwamba ulikuwa mnene zaidi. Nikakata mwaa mwingine, mrefu. Nikauteremsha. Ukaangukia mstari wa tatu. Nikaenda katikati. Nikaenda upande wa migomba, ambako mwamba unakuwa mwembamba kama chapati ya maji, nikakata kipande kidogo kama ukucha. Kikateremka, kikaangukia mstari wa tatu. Nilipima mahali pengi, sikuacha kwa sababu nilikuwa natafuta hata mahali pamoja ambapo patakataa. Palikataa mahali pawili tu, na kwa upana wa uzi.

Mjukuu wangu alikuwa ameweka mkono mdomoni. Akasema polepole, "Karatasi inahesabu muda wa sauti, si pima za kwenda chini. Ndiyo maana inakubali."

Mimi nasuka mikeka tangu sijavunja ungo. Nikiona ua limejirudia chini, likinenepa juu linanenepa na chini, likikonda juu linakonda na chini, najua ni mkono mmoja umesuka mara mbili. Nikamuuliza fundi: huo mwamba wako wa pili, nani aliuambia unene wa mwamba wa kwanza, hatua kwa hatua, kutoka jikoni mpaka kwenye migomba?

Fundi akaisukuma karatasi kando. Akasema, "Mama, nia uliitaja mbele ya watu."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililokuwa limenibana tangu Jumapili.

Asubuhi ya Alhamisi nikatuma watu waite majirani wote walioitikia amina, kabla mashine haijawashwa. Wakaja, wengine na ndoo kabisa. Nikasimama pale pale. Nikasema: niliwaambia mpaka mwamba wa pili, na mkaitikia. Nilisema kitu nisichokijua. Leo nia yangu ni kutoboa mwamba wetu mmoja, tuchukue maji yaliyo chini ya tumbo lake, tusimame hapo. Maji yatakuwa machache kuliko niliyowaahidi.

Bibi mmoja wa nyumba ya tatu, tuliyekua naye, akasema, "Mwenzetu leo kaomba radhi. Andikeni, hamtaiona tena." Watu wakacheka, wakaitikia. Si wote. Nyuma nilisikia mtu anasema mtoto wa mjini kawafutia maji yao.

Mashine ikawashwa. Inazungusha chuma chini na kupuliza hewa, unga wa mwamba unaruka mweupe kama unga wa muhogo, tukawa weupe wote. Kila chuma kimoja kikizama wanaunga kingine. Mjukuu wangu alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anashika unga mkononi, anaandika. Karibu na adhuhuri unga ukaacha kuwa mweupe, ukatoka mchanga wa kahawia, na maji nyuma yake. Nikakinga kikombe. Yalikuwa na vumbi, lakini matamu. Nikamwambia fundi hapo hapo. Akazima.

Nikaenda kutia udhu.

Nilikuwa rakaa ya tatu niliposikia mashine inaunguruma tena. Swala haikatwi kwa hasira. Nikaimaliza, na Mungu anajua niliimalizaje. Nilipotoka, chuma kimoja zaidi kilikuwa kimezama chote. Mjukuu wangu amesimama mbele ya mashine mikono imemwanguka, na baba yake amesimama kando ya fundi.

"Nani kakuambia?" nikamuuliza fundi.

Akamtazama mwanangu.

"Chuma kimoja tu, mama," mwanangu akasema. "Tuone. Asije mtu akasema tuliogopa karatasi."

Nikaweka kikombe kwenye maji yaliyokuwa yanaruka. Nikaonja. Nikampa mjukuu wangu. Akaonja, akanitazama. Nikampa mwanangu mwenyewe. Alionja, akashusha kikombe, akaonja tena, kama mtu anayeomba ulimi wake umdanganye.

Haikuwa chumvi ya bahari. Ilikuwa kidogo sana, kama ukinywa maji baada ya kulamba kidole chenye jasho. Lakini nilikuwa nimenywa kikombe kwa wifi yangu kule Moa, wiki ile ya mwanzo kabisa, walipokuwa bado wanasema ni kutu ya bomba.

Nikasema toeni chuma. Fundi hakubisha. Nitasema haki yake: alionja na yeye, akavua kofia, akafanya kazi mpaka jioni bila kudai maneno. Mjukuu wangu akamwonyesha mahali tumbo la mwamba lilipoishia kwa hesabu ya unga wake, wakaziba chini yote kwa udongo wa mfinyanzi na saruji mpaka karibu na hapo, wakaacha nafasi ndogo tu ya maji kuingia. Wale wawili waliinama juu ya shimo lile pamoja kama watu waliofahamiana zamani. Kesho yake saruji ilipokauka tukavuta maji ndoo baada ya ndoo, na kila ndoo ya kumi nilionja. Ya kwanza yalikuwa na ladha ya saruji. Baadaye yakawa maji.

Maji ni machache. Yanatosha kwa zamu. Wako wanaosema mpaka leo kwamba chini kulikuwa na bahari ya maji matamu na sisi tumeyafuta kwa kompyuta na mwaa wa mkeka. Sina la kuwaonyesha. Hatukufika kwenye mstari wa tatu, kwa hiyo siwezi kuwaapia hakuna kitu pale. Mjukuu wangu naye hataki kuapa. Ananiambia bado anaifanyia kazi ile kumbukumbu, kuna mahali pawili ambapo mwaa wangu ulikataa na hajajua kwa nini.

Na sijui kama kile chuma kimoja kimeamsha kitu. Udongo na saruji vimekaa, lakini chumvi haina haraka.

Jioni ya siku ile tuliyovuta maji niliwakusanya watu wa nyumba yangu wote barazani, wakubwa kwa wadogo. Mwanangu mkubwa alikaa pembeni, binti yake akamsogelea akakaa karibu naye. Sikumkaripia. Nilimpa kazi. Nikasema: kila Ijumaa asubuhi, kabla mtu yeyote hajabandika chai, wewe ndiye utakayeteka kikombe kimoja, unywe yakiwa matupu, bila sukari, bila kula kitu. Kisha uje uniambie mbele ya hawa wote umeonja nini. Ukiwa na mafua sema una mafua, aonje mwingine. Na siku utakayosikia chumvi, hata kama ni kidogo, hata kama nimelala mgonjwa, usinifiche.

Na nyinyi wengine, hakuna kunywa mpaka aseme.